Kitaa cha Mita na Kikapu cha Usufi: Tuliyojifunza Katika Nyumba za Amu

"Fundi, tokeni za stima zaisha mbio, nibadilishe nini?" Ndilo swali tunalopokewa nalo mlangoni, mitaa ya Mkomani hata Langoni hapa Amu (Lamu), na jibu letu la kwanza huwachosha watu: usibadilishe kitu bado, pima. Wengi huwa washakimbilia balbu. Lakini balbu hapa zilibadilika zamani. Ya LED ya wati 9 inatoa mwanga wa ile ya kale ya wati 60, na nyumba yenye balbu 8 za namna hiyo, zikiwaka saa 5 kila usiku, haili hata uniti 11 kwa mwezi mzima. Uniti zinazopotea haziko kwenye taa. Ziko pale joto linapotengenezwa au linapohamishwa, au maji yanapopandishwa: friji, pasi, hita ya maji, pampu; na moto mkubwa kuliko wote uko nje ya mita, mekoni.

Kipimo chenyewe kimo nyumbani mwako na ni cha bure. Tazama uso wa mita ya tokeni. Kuna kitaa chekundu kinachopepesa, na ubavuni pake pameandikwa kitu kama "1000 imp/kWh" au "1600 imp/kWh". Maana yake ni kwamba kitaa kikipepesa mara 1,000, au mara 1,600, umemaliza uniti 1. Chukua saa ya simu, hesabu sekunde baina ya mpepeso mmoja na unaofuata, kisha gawanya 3,600 kwa sekunde hizo. Unachopata ni wati zinazotumika wakati ule ule. Ukihesabu sekunde 36, nyumba inakula wati 100. Ukihesabu sekunde 6, inakula wati 600. Kwa mita ya 1,600, badala ya 3,600 gawanya 2,250. Kama mita yako iko juu ya nguzo na ndani umepewa kile kidude cha kubonyezea namba tu, basi soma uniti zilizobaki saa 5 usiku, wote wakiwa wamelala, uzisome tena saa 11 alfajiri. Tofauti ni chakula cha usiku cha nyumba yako.

Fanya hivi. Usiku zima kila kitu ukutani, pamoja na friji, ungojee dakika 5. Kitaa kikituama, vizuri. Kikiendelea kupepesa, nenda kwenye sanduku la breka, zishushe zote, kisha upandishe moja moja huku mwenzako akitazama mita. Breka inayoamsha kitaa ndiyo yenye mgeni. Mara nyingi huwa ni dikoda ya runinga iliyofichwa nyuma ya kabati, au pampu inayojiwasha. Lakini katika nyumba za mawe ya matumbawe kuna ugonjwa mwingine: waya wa zamani uliozikwa ukutani, ukuta umelowa chumvi, ganda la waya limepasuka, na stima inavujia ukutani kidogo kidogo. Dalili yake ni ukuta unaokuwasha mkono, au kinga ya umeme inayoanguka kila ikinyesha mvua. Hapo usijaribu mwenyewe. Ita fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, na waya mpya upitishwe ndani ya mrija wa plastiki juu ya ukuta, usizikwe tena.

Kuna wanaosema: stima ya Kenya ni safi, basi nikiokoa uniti, tabianchi yafaidi nini? Kwa sehemu kubwa wana haki. Ipo ya mvuke wa ardhini wa Olkaria, ipo ya upepo wa Turkana, na ipo ya Mto Tana, ambao maji yake hupita Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere kabla ya kushuka Garissa na kumwagika baharini Kipini, hapa jirani. Ila stima haiwi safi sawasawa saa zote. Baina ya saa 1 na saa 4 usiku jua limeshatua na nchi nzima imewasha kila kitu kwa pamoja. Hapo ndipo mitambo ya mafuta ya pwani, kama ile ya Kipevu na Rabai, huitwa kazini, na gharama yake hukurudia katika risiti ya tokeni kwenye mstari wa mafuta. Uniti 1 ya mtambo wa dizeli hutoa zaidi ya nusu kilo ya hewa ya kaboni. Kwa hivyo uniti unayoiacha saa 2 usiku ina uzito kuliko unayoiacha adhuhuri. Watu wa Amu hawahitaji kuelezwa sana habari ya mafuta. Kabla ya laini ya Rabai kupitia Malindi na Garsen, mji huu uliwashwa kwa jenereta za dizeli. Na mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa Kwasasi, humu humu kauntini, ulifutiwa leseni yake ya mazingira Juni 2019.

Tuje kwenye friji, maana ndiyo kazi yetu kubwa. Feni hupumzika na pasi huzimwa, friji haizimwi. Friji ya kawaida ya lita 150 hadi 200, iliyozeeka kidogo na kuwekwa pabaya, hula uniti 1.2 kwa siku bila shida. Hizo ni uniti 36 kwa mwezi, na hapo pana hesabu ambayo wengi hawaijui. Bei ya uniti za nyumbani imepangwa kwa madaraja: wasiozidi uniti 30 kwa mwezi, wa kutoka 30 hadi 100, na wanaozidi 100, na daraja lako huamuliwa kwa wastani wa miezi 3 iliyopita. Friji mbovu peke yake inatosha kukutoa daraja la chini. Ukiitengeneza ikashuka hadi uniti 0.8 kwa siku, yaani 24 kwa mwezi, mwenye nyumba ndogo huweza kurudi, ila asitazamie bei kushuka mwezi ule ule.

Kosa la kwanza ni mahali. Jiko la nyumba ya Amu mara nyingi liko juu darini, chini ya makuti, na watu huipandisha friji huko huko iwe karibu na sufuria. Huko juu mchana wa kaskazi ni tanuri. Friji haitengenezi baridi. Inachukua joto la ndani na kulitupa nje kupitia ule wavu mweusi wa nyuma, na hewa ya nje ikiwa moto, kompresa, ile mota ya friji, hupigana nayo bila kupumua. Ishushe chini, kwenye msana, kile chumba kirefu kinachopata hewa ya kiwanda, yaani ua wa ndani wa nyumba. Acha sentimita 10 nyuma yake, na uwazi wa sentimita 30 juu. Usiisukumize kwenye kipembe cha chini ya ngazi ati ikae kwa adabu: joto linalotoka halina pa kwenda, nayo itakuwa ikilivuta tena.

La pili ni mpira wa mlango. Bana noti mlangoni, nusu ndani nusu nje, uvute. Ikitoka bila kushikwa, pale mahali pana mwanya. Rudia kila baada ya kiganja kimoja mpaka uzunguke mlango wote. Au usiku weka tochi inayowaka ndani, funga, zima taa za chumba, tazama mwanga unapochungulia. Usikimbilie kununua mpira. Osha kwanza kwa maji ya vuguvugu na sabuni, hasa kwenye mikunjo ambamo sharubati na mafuta ya samaki hugandamana. Pakibaki pamejipinda, mwagia mpira maji ya moto pole pole, uunyooshe kwa vidole, funga mlango na uuache saa kadhaa ushike umbo. Upake mafuta ya mgando kidogo upande wa bawaba ili usijikunje. Mpira ukiwa umekakamaa na kupasuka, hapo ndipo ununue, na uende dukani na vipimo vya mlango, urefu na upana.

La tatu ni wavu wa nyuma. Hewa ya bahari huleta chumvi, chumvi hushika unyevu, unyevu hushika vumbi, na baada ya mwaka wavu umevaa sweta. Chomoa plagi, sugua kwa brashi laini kutoka juu kwenda chini kila miezi 3. Usitumie maji ya kisima chenye chumvi, utaulisha kutu.

La nne limetugharimu mafriji mengi. Barafu ikizidi unene wa milimita 5 hugeuka blanketi: baridi haipiti, kompresa haizimi. Mwenye nyumba huchukua kisu akabandua. Bati la ndani ni laini mno, kisu huteleza, na unasikia "fsss". Hiyo ni gesi. Friji nyingi za miaka iliyopita zina R134a, na kilo 1 ya gesi hiyo hupasha dunia joto kiasi cha kilo 1,400 hivi za hewa ya kaboni. Gramu 120 zilizotoka kwa kisu ni sawa na kilo 170 hivi. Yaani pigo moja la kisu laweza kufuta akiba ya miezi mingi. Zima friji, weka bakuli la maji moto ndani, acha mlango wazi, tandika gunia sakafuni. Baada ya saa 1 barafu inaanguka yenyewe. Na fundi akija kukuongezea gesi bila kutafuta tundu, mrudishe. Gesi ile itatoka tena kabla ya Ramadhani nyingine. Friji mpya zenye R600a hazina madhara hayo kwa hewa, lakini gesi yake inashika moto, kwa hivyo fundi asiwashe tochi ya kuchomelea mpaka mabomba yamemwagwa na madirisha ni wazi.

Themostati nayo: ndani pawe nyuzi 4, panapogandishia 18 chini ya sifuri. Chini ya hapo unalipia baridi isiyokuwa na kazi. Nafasi tupu ya panapogandishia ijaze chupa za maji, ukiacha vidole 3 juu ili zisipasuke. Stima ikikatika, na hukatika, chupa zile hushika baridi kwa muda mrefu kuliko hewa tupu. Ramadhani ina hesabu yake: mlango hufunguliwa zaidi baina ya alasiri na magharibi, na friji hukimbiza joto hilo hadi saa zile zile za mitambo ya mafuta. Toa vyote vya futari mara moja, na maji ya baridi yawekwe kwenye thamosi mezani. Au yatiwe mtungini. Mtungi wa udongo unaotoka jasho hupoza maji bila waya wowote, ingawa wakati wa unyevu mwingi kazi yake hupungua.

Stima ikiwa dhaifu, taa zikififia, na friji ikitoa "tik" bila kuunguruma, ichomoe. Kompresa inayoshindwa kuanza huvuta stima nyingi na kuungua. Kinga ya friji inayochelewesha dakika 3 baada ya stima kurudi ni kati ya vitu vichache tunavyowaambia watu wanunue bila kufikiri.

Joto la nyumba sasa. Nyumba ya kale ya mawe imejengwa na watu walioujua upepo: kuta nene, vyumba vyembamba kwa urefu wa boriti, kiwanda wazi katikati, vichochoro vyenye kivuli. Mchana hewa moto hupanda na kutokea kiwandani, nayo huvuta hewa ya kichochoroni iingie chini. Halafu mwenye nyumba anahitaji chumba, anaziba kiwanda kwa mabati au plastiki angavu. Tangu siku hiyo taa yawaka mchana na feni haizimwi. Kama lazima upate kinga ya mvua, inua paa lile sentimita 60 juu ya ukuta na pande zote uziache wazi. Mvua ya upepo itaingia kidogo, lakini hewa itatoka.

Plasta ya simiti ni adui wa pili. Jiwe la matumbawe hunywa unyevu na kuutoa. Simiti huufungia ndani, chumvi huibuka, plasta hutoka vipande, na chumba hunuka ukungu. Chumba chenye unyevu hakipoi kwa feni, ndipo mtu huanza kuulizia bei ya eyakondisheni. Rudisha chokaa: sehemu 1 ya chokaa iliyolowekwa si chini ya wiki 2, sehemu 3 za mchanga usio wa ufuoni. Lowesha ukuta kwanza, piga tabaka lisilozidi milimita 10, funika kwa magunia mabichi siku kadhaa. Chokaa ikikauka kwa haraka hugeuka unga. Kabla ya kugusa ukuta wa nje au kiwanda, pita ofisi ya uhifadhi ya Makavazi ya Kitaifa. Mji wote huu wa kale umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001.

Feni hupoza watu, haipozi chumba. Ikizunguka chumba kitupu inakiongeza joto. Pangaboi la kawaida hula wati 60 hivi. Lenye mota mpya isiyo na brashi hula 30 hivi kwa upepo ule ule. Dari za Amu ni refu, na pangaboi likibanwa juu kabisa upepo haukufikii: literemshe kwa bomba mapanga yawe mita 2.4 kutoka sakafuni. Usitundike kwenye boriti iliyoliwa na mchwa. Gonga kwanza, usikie sauti. Pangaboi likianza kuvivia, si uzee, ni kapasita. Nyingi ni za maikrofaradi 2.5, ikishuka hadi 2 au chini, mapanga hupunguza mwendo, nayo mota haipunguzi sana ulaji wake, ila hugeuza stima kuwa joto. Ni kijidude cha bei ndogo na hubadilishwa kwa dakika 15, breka ikiwa chini. Regyuleta ya kale inayopata moto ukiigusa nayo itoe, hiyo hula stima ili feni iende pole.

Eyakondisheni ya BTU 9,000 kwa usiku wa saa 8 hula uniti 4 hivi. Feni, nusu uniti. Ukiwa unayo tayari kwa sababu ya mgonjwa au wageni, chagua chumba kidogo, ziba mianya ya madirisha ya mbao, weka nyuzi 26 na feni pembeni, osha chujio kila wiki 2, na kile kisanduku cha nje ukimwagie maji baridi kila mwezi, maana chumvi hula mapezi yake mpaka yakawa majivu.

Maji ya mji huu hutoka visima vya michanga ya Shela, na kila nyumba huyapandisha tangini kwa pampu. Pampu ya nusu farasi ni wati 370 zinazotoka, na kinachoingia huwa zaidi ya 500. Haitakuumiza ikienda dakika 40 kwa siku. Itakuumiza ikijiwasha kila dakika 10 kwa sababu choo kinavuja kimya kimya. Tia rangi ya biriani ndani ya tangi la choo, ngoja dakika 15 bila kuvuta. Rangi ikionekana bakulini, kile kifuniko cha mpira kimekwisha. Valvu ya mguu wa bomba kisimani nayo ikivuja, pampu hukosa maji na kuzunguka kavu. Jaza tangi mchana, usiku maji yateremke yenyewe.

Hita ya kuogea ya kilowati 5 kwa dakika 8 ni uniti 0.67. Kwa Amu hatuoni kazi yake. Tangi jeusi juani lina maji ya uvuguvugu ifikapo alasiri. Pasi ni wati 1,200: kanzu zote za Ijumaa zipigwe Alhamisi mchana kwa mkupuo mmoja, nguo nyembamba kwanza pasi ikipanda, pamba nzito katikati, na leso za mwisho kwa joto lililobaki baada ya kuchomoa. Chaja ya simu iliyoachwa ukutani isikukoseshe usingizi. Dikoda ndiyo mwizi: wati 10 usiku na mchana ni uniti 7 kwa mwezi, hata runinga ikiwa imezimwa. Iwekee soketi yenye swichi yake.

Lakini ukweli wa nyumba nyingi hapa ni kwamba moto mkubwa hauko kwenye mita kabisa. Uko kwenye mkaa. Katika tanuri la udongo, kilo 1 ya mkaa hula kilo 6 hadi 10 za kuni, na zaidi ya nusu ya nguvu ya ule mti hupotea moshi huko huko porini. Na tuko katika kaunti yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, ambayo matope yake yamefungia kaboni ya miaka na miaka. Kwa hivyo tukiulizwa nyumba ianze wapi, tunasema friji kama kuna friji, na meko kwa kila mtu.

Jiko lenye kikombe cha udongo ndani huokoa theluthi moja ya mkaa au zaidi likilinganishwa na la bati tupu, lakini kikombe hupasuka. Sababu huwa ni maji: sufuria ikifurika juu ya kikombe chekundu, au mtu kuzima makaa kwa kumwagia maji. Zima kwa kufunika mlango wa hewa na kumimina makaa kwenye debe lenye kifuniko. Kesho utayatumia tena. Ufa mdogo uzibe kwa udongo uliochanganywa na majivu, uache ukauke siku 2 kivulini. Usipakie makaa yakazidi ukingo, sufuria ikae sentimita 1 au 2 juu yake. Kumbi na vifuu vya nazi ni moto mzuri wa kuwashia na wa kupalia wali, havina haja ya kutupwa jaani.

Maharagwe na mbaazi ndio walaji wakuu wa moto, na hapa pana siri isiyosemwa sana: maji. Maji ya kisima yaliyopita kwenye mawe ya matumbawe yana chokaa nyingi, na chokaa hiyo hushikamana na ganda la mbaazi, zikabaki ngumu hata ukipika saa 3. Tumia maji ya mvua, ya jabia au ya birika, yaani matangi ya kuvunia mvua. Loweka usiku kucha, maji mara 3 ya mbaazi, na robo kijiko cha chai cha magadi kwa kila nusu kilo. Asubuhi mwaga maji yale. Ndimu na nyanya zitiwe mwishoni, kwa kuwa vitu vichachu hukaza ganda. Mwenye jiko la umeme la presha atapika nusu kilo kwa uniti 0.4 au chini. Pete ya mpira ya kifuniko ikilegea mvuke hutoka na jiko halitafika presha. Nunua ya akiba siku ile ile unayonunua jiko.

Asiye na stima, au asiyetaka kukaa mekoni, atengeneze kikapu cha kushikia joto, sufuria iliyokwisha chemka ijiivie humo bila moto. Kikapu cha ukili kikubwa, sufuria ikiwa katikati ibaki nafasi ya kiganja pande zote. Shona mifuko ya kitambaa cha pamba uijaze usufi, unene wa sentimita 10: mmoja wa chini, mmoja mrefu wa kuzunguka, na mto wa juu unaokaa kwa uzito. Usufi wa msufi ni bora kuliko vitambaa, kwa sababu nyuzi zake ni mirija yenye hewa ndani.

Mbaazi zilizolowekwa zichemke kwa nguvu dakika 20, maharagwe mekundu kadhalika. Maharagwe mekundu yasipungue dakika 10 za kutokota, la sivyo sumu yake haivunjiki, na kikapu peke yake hakiivunji. Funika, futa matako ya sufuria kwa kitambaa kibichi, na ufute kweli: kaa moja lililogandia chini latosha kuunguza kikapu na makuti yaliyo juu yake. Ingiza, funika mto, usichungulie. Baada ya saa 3 au 4 zimeiva. Rudisha motoni zichemke tena, ndipo utie tui zito. Tui likifungiwa kikapuni tangu mwanzo hukatika au huchacha. Wali: punguza maji robo, kwa kuwa mvuke hautoki, uchemke dakika 5, kisha dakika 50 kikapuni. Hautakuwa na ukoko, na hilo wapishi wa Amu hawatakusamehe, basi palia makaa machache mwishoni kwa ajili yao. Nyama isikae kikapuni zaidi ya saa 4 bila kuchemshwa upya.

Kikapu kikishindwa, huwa ni moja kati ya mambo mawili. Sufuria haikujaa: lita 1 ndani ya sufuria ya lita 5 hupoa kabla haijaiva, ijaze angalau theluthi 2. Au usufi umelowa. Mvuke wa kila siku pamoja na unyevu wa bahari huugandisha mabonge, hewa ikatoka, na baada ya miezi 2 watu husema kikapu kimekufa. Toa mito yote siku ya jua, ianike juu ya dari kuanzia saa 4 asubuhi, uigeuze adhuhuri, uipigepige kwa kijiti mpaka usufi uchambuke, na uiingize ndani kabla ya umande wa magharibi.